Jembe la Wavikingi

Mnamo mwaka 793, Wavikingi kutoka Skandinavia walikivamia kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, wakawaua watawa na kupora mali ya kanisa. Kwa miaka mingi walikuja, wakapora, wakarudi kwao. Hata hivyo, mwaka 865 lilitua jeshi kubwa lisilokuwa na haraka ya kurudi, na kufikia 876 baadhi ya askari hao walikuwa wamegawana ardhi ya Northumbria na kuanza kulima. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alijitwalia jembe mwenyewe.

Jembe hilo liliacha alama kuliko upanga. Wavikingi waliishi na wenyeji, wakauziana, na lugha zao zilizokuwa na udugu zikachanganyika. Miji ya Derby na Whitby ingali na majina waliyoyaacha. Ajabu ni kwamba wanyang'anyi hao ndio waliowapa Waingereza neno law, yaani sheria. Window, dirisha, lilimaanisha 'jicho la upepo'. Hata they, kiwakilishi cha nafsi ya tatu wingi, kilitoka kwao, ilhali ni nadra lugha kukopa viwakilishi.

Wala safari haikukomea huko. Maneno keki na sketi, yaliyoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza, yana asili katika lugha ya Wavikingi. Basi anayetaka Kiswahili kitakaswe maneno ya kigeni hana budi kujiuliza: Kiingereza, kilichokopa hata kiwakilishi cha nafsi, kilipungukiwa na nini?