Kuchora na Kupaka: Miaka ya Kazi Kati ya Mbinga na Ziwa Nyasa

Katika Kiswahili cha kila siku neno "kuchora" hubeba kazi mbili ambazo mafundi wa sanaa huzitenganisha, yaani kuonyesha umbo kwa mstari na kuliumba umbo kwa rangi, na mtu azifanyaye zote mbili huitwa mchoraji bila kuulizwa anafanya ipi. Maneno "kupaka rangi", kwa upande wake, yamekwisha kumilikiwa na mafundi wa kuta na milango. Mwandishi wa tawasifu hii, aliyezaliwa katika vilima vya Umatengo, wilayani Mbinga, na ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini amepata riziki yake kwa brashi, alitumia sehemu kubwa ya umri wake wa kazi bila kutambua kuwa alikuwa akiifanya kazi ya kwanza tu, na kwamba rangi zake zilikuwa nguo zilizovishwa mchoro uliokwisha kukamilika.

Mstari ulimfikia kupitia shule na kupitia karatasi zilizochapwa, kwa kuwa mstari ndio uliokuwa rahisi kuchapa. Vitabu vya dini kutoka Peramiho, misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898, vilikuwa na picha za wino mweusi. Ubaoni mwalimu alikuwa na chaki nyeupe peke yake. Na katika miaka ya 1980, jarida la Sani lilipofika Mbinga likiwa limekwisha kupita mikononi mwa wasomaji wengi, katuni za Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 na ambaye jina lake la ukoo ni la kawaida mno Umatengoni, zilimfundisha kijana huyo kwamba mkunjo mmoja wa kalamu unatosha kumwonyesha mlevi anayeyumba au mama aliyekasirika. Elimu hiyo haikuwa ndogo, na mwandishi anaiheshimu hadi leo, kwa sababu mkono usioweza kuongoza mstari hauwezi kuongoza brashi.

Chakula kilitokana na mabango ya maduka, ya vinyozi na ya hoteli za chai pale Mbinga mjini. Rangi iliyotumika ilikuwa ya mafuta ya kopo, ile inayopakwa milangoni na kwenye baiskeli, ambayo hukauka upesi, hujisawazisha yenyewe na kuacha uso unaong'aa usio na alama ya brashi. Sifa hizo huifanya ifae kwa mabango, lakini ndizo pia zinazoamua sura ya picha, kwani rangi isiyokubali kuyeyushwa ndani ya jirani yake humlazimisha fundi ajaze eneo moja kwa rangi moja, asubiri likauke, kisha auzungushie mpaka wake mstari. Rangi ya namna hiyo ndiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, wilaya ambayo leo, kama Mbinga, imo katika mkoa wa Ruvuma, na ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kupaka wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi jijini Dar es Salaam, akafariki mwaka 1972 na kuacha mkondo mzima wa wafuasi. Mwandishi alinakili kazi za wafuasi hao kutoka kwenye kadi za posta, zikauzika, naye akadhani amefika.

Kilichomtoa katika dhana hiyo ni ngoro. Ngoro, ambayo wengine hutamka ngolo, ni kilimo cha mashimo cha Wamatengo: mvua za masika zinapoelekea mwisho majani hufyekwa na kulazwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatizana, kazi ambayo kwa desturi ni ya wanaume, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati na kuyafunika majani hayo, hata mlima mzima ukabaki na matuta ya kupandia maharage na mahindi yaliyozunguka mashimo ya kuzuia maji yasichukue rutuba. Mwandishi alipotakiwa kuuonyesha mlima wa namna hiyo kwenye bango la kilimo, aliichora mistari yote kwa uaminifu mkubwa, akajaza kahawia na kijani, na matokeo yake yakawa wavu uliotandikwa juu ya kilima. Kila aliyeitazama picha hiyo alitambua ngoro, lakini hakuna ambaye angeweza kutumbukia ndani yake. Kosa halikuwa la mkono. Mstari ulikuwa umesema mahali shimo linapoanza, ila haukuwa na namna ya kusema kwamba ndani kuna giza, kwamba tuta la upande wa jua limewaka na lile linalolitazama limepoa, wala kwamba giza la shimo la karibu si sawa na giza la shimo lililo mbali.

Jibu alilipata katikati ya miaka ya 1990 katika karakana ya misheni moja, kwa mtawa mzee aliyekuwa akitengeneza picha za makanisa na ambaye alimwita "mwanangu" na kumnyang'anya penseli siku ya kwanza. Kwa majuma mengi aliruhusiwa rangi mbili tu, nyeupe na nyeusi, ili ajifunze toni, yaani kiwango cha mwanga au giza cha kila kitu bila kujali rangi yake, na aliagizwa akunje macho hadi vitu vidogo vipotee na mafungu makubwa ya mwanga na kivuli yabaki. Ndipo alipogundua jambo lililomtikisa, kwamba mstari alioutegemea tangu utotoni haumo duniani: chungu hakina uzi mweusi unaokizunguka, bali mahali fulani giza lake hukutana na mwanga wa ukuta na mahali pengine kivuli chake humezwa na kivuli cha sakafu, ukingo ukapotea kabisa. Mchoraji wa mstari huufunga ukingo huo kwa kuwa anajua upo. Mpakaji hana budi kuuacha upotee, kwa kuwa hauoni.

Baada ya toni zilifuata rangi za mafuta za wasanii, zilizosagwa katika mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hukauka kwa kushikana na hewa wala si kwa kuvukiza, na kwa hiyo hukaa mabichi siku kadhaa, muda unaomruhusu fundi kuvuta rangi moja ndani ya nyingine, kukwangua na kurudia. Kanuni yake kuu ni kwamba tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo la juu litakauka kwanza na kupasuka. Matunda ya mbuni yaliyoiva yakawa somo jingine, kwa kuwa wekundu wao na kijani cha majani ni rangi mkabala, yaani rangi ambazo zikiwekwa bega kwa bega hukolezana na zikichanganywa huuana na kuzaa kijivu cha udongo. Kivuli cha tunda jekundu, basi, hutiwa kijani kidogo, na kopo la rangi nyeusi hubaki limefungwa.

Ziwa ndilo lililomkamilisha, kama kukamilika kupo. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita zipatazo 66, lakini katika mwendo huo mtu hushuka mamia ya mita kutoka kwenye ukungu wa milimani hadi kwenye joto la pwani, na mwanga hubadilika pamoja na hewa. Kwa kuwa ufuko wa Tanzania uko mashariki ya ziwa, jua huchomoza nyuma ya milima na kuuacha mchanga, mitumbwi na wachuuzi wa samaki ndani ya kivuli cha buluu, ilhali maji ya mbali yamekwisha kuwaka. Jioni jua hutua majini upande wa Malawi. Miaka mitatu mwandishi alipaka ziwa kwa buluu ya kopo kabla ya kukubali kwamba maji hayana rangi moja, maana karibu na miamba ya Liuli huwa ya kijani, penye kina huiva hadi zambarau, na jua linapozama huazima rangi ya mbingu yote isipokuwa palipo kivuli cha mtumbwi. Usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, walioanikwa mchangani, ambao macho huapa kuwa ni fedha, hawahitaji rangi ya fedha hata tone. Wanahitaji kijivu cha ubaridi na nukta chache za nyeupe zilizowekwa mara moja na kuachwa.

Hasara hazikukosekana. Picha moja kubwa ya ukutani, iliyopakwa kwa mafuta juu ya ukuta uliokuwa bado na unyevu, ilivimba malengelenge kabla ya mwaka kwisha, kwa kuwa mvuke ulikosa njia ya kutokea, na ikabidi ikwanguliwe yote; kosa lilikuwa la fundi, aliyekuwa na haraka ya malipo.

Mwandishi hakubaliani na wanaoiita kazi ya Tingatinga ngazi ya chini iliyopaswa kuvukwa. Ile ni lugha kamili yenye kanuni zake, na aliyeichagua kwa kujua hana deni kwa mtu. Aliyestahili kusahihishwa ni yule aliyekaa ndani yake kwa kutojua kuwa kuna nyingine, na huyo alikuwa mwandishi mwenyewe. Vijana wanaokuja kujifunza kwake sasa hawapewi penseli mwezi wa kwanza. Hupewa brashi moja pana, kopo la nyeupe na kopo la nyeusi, wakaketishwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi mbele ya mlima wa ngoro.