Bangi ya uani, Tucson

Nilipohamia Tucson, Arizona, nilikuwa na wazo moja tu kuhusu bangi: ni mmea wa kuwaharibia watu maisha. Kongwa, mkoani Dodoma, nilikokulia, mche mmoja ukikutwa nyuma ya nyumba ulitosha kuleta polisi na kuuchafua ukoo mzima. Ndiyo maana mwaka 2011, nilipopata kazi ya kuhudumia wazee majumbani na mzee wangu wa kwanza akaniita uani nikaone miche yake, nilisimama mlangoni nikagoma kutoka. Akarudi ndani akaniletea kadi aliyopewa na idara ya afya ya jimbo. Alikuwa amepigana Vietnam, mgongo wake umeharibika, na vidonge alivyoandikiwa vilimlaza mchana kutwa. Kwa bangi aliweza kukaa kitini na kula mezani.

Sheria ilikuwa changa. Novemba 2010 wapiga kura wa Arizona waliruhusu bangi ya tiba kwa tofauti isiyofika kura 5,000. Maduka yenye kibali yalichelewa, la kwanza likafunguliwa Desemba 2012, na katika kipindi hicho mgonjwa mwenye kadi aliweza kuruhusiwa kupanda mwenyewe hadi miche 12, mradi iwe mahali palipozungushiwa na kufungwa kwa kufuli. Uani kwa mzee palikuwa na ukuta wa matofali ya saruji, mrefu kumpita mtu, na geti la chuma. Aliamini ukuta ule utamkinga na majirani, wezi na upepo. Kwa majirani na wezi ulifaa.

Upepo wa Tucson ni jambo jingine. Machi hadi Mei unavuma mkavu, unabeba mchanga, na baada yake unakuja Juni, mwezi ambao joto hupita nyuzi 40 siku baada ya siku. Tarehe 26 Juni 1990 joto la mji lilifika nyuzi 47. Unyevu wa hewa unaweza kushuka chini ya asilimia 10. Katika hali hiyo mmea hufunga vitundu vya majani yake ili usikauke, na ukishavifunga hauwezi kujitengenezea chakula. Unabaki umesimama, hai, lakini haukui. Mwaka ule wa kwanza majani ya miche ya mzee yalikuwa yamejikunja kingo kabla ya saa nne asubuhi, na ncha zake zikawa kahawia. Watu husema bangi huota popote. Kuota, ndiyo. Kukua ukavuna ni kazi.

Ukuta ndio uliomwumiza zaidi. Ukuta usiopitisha hewa huurusha upepo juu, kisha upepo ule huanguka upande wa pili ukizunguka kwa nguvu, na miche iliyokaa karibu ndiyo inayopigwa. Matawi yalikatika. Tena matofali yale yalinyonya jua mchana kutwa na kutoa joto lake usiku. Saa tatu usiku ukipita kando yake bado unalihisi usoni. Na miche yenyewe ilikuwa kwenye vyungu vyeusi vya plastiki, udongo umechemka, mizizi imeungua upande wa jua.

Kilichofuata ndicho kilichobadilisha mawazo yangu juu ya kilimo, na kwa kweli juu ya mmea wenyewe. Mzee aliacha kupambana na jangwa, akaanza kuuliza wenye jangwa wanalimaje. Kwanza alisogeza miche mbali na ukuta. Upande wa magharibi akasimamisha ua wa fito za ocotillo, mti wa miiba wa kule jangwani ambao watu wa Arizona na Meksiko wanaujengea nyua tangu zamani. Fito zina nafasi katikati, upepo unapita lakini umepungua kasi, na nyuma yake hewa inatulia. Juu akatanda neti ya kivuli inayozuia karibu nusu ya jua, akiifungua mwishoni mwa Agosti jua linapolegea.

Halafu akaingia ardhini. Chini ya udongo wa Tucson mara nyingi kuna kaliche, tabaka la chokaa gumu kama zege, na jembe halilifanyi lolote. Kijana wa jirani alilivunja kwa mtaimbo ili maji yapate pa kushukia. Mashimo yakajazwa mboji, na uso wa kila kitalu ukaachwa chini ya usawa wa ardhi, umezungushiwa tuta dogo. Hapo nilijikuta nimechangamka, kwa sababu nyumbani wakulima wa mpunga wanachimba majaluba kwa sababu ileile: maji yakija yasikimbie. Watu wa Zuni, huko New Mexico, wana bustani za vitalu vidogo vilivyozama vya namna hii. Watohono O'odham, wenyeji wa jangwa linaloizunguka Tucson, waliotesha maharage yao ya tepari kwa mafuriko ya mvua za kiangazi pale mabonde madogo yanapofungukia uwandani. Wote wameelewa kwamba katika jangwa unaushusha mmea uifuate baridi ya ardhi, hauuinui.

Maji nayo yana habari yake. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Tucson asili yake ni Mto Colorado, yanasukumwa kupitia mfereji wa kilomita kama 540, na yana chumvi. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku, chumvi inabaki juu na kuweka utando mweupe. Mzee akaacha kurashia jioni kwa mpira. Akawa anamwagilia alfajiri, kwa nafasi lakini kwa wingi, ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na katikati ya vitalu akafukia mitungi ya udongo isiyopakwa rangi, ambayo huvujisha maji taratibu pale udongo unapokauka. Juu akatandaza majani makavu. Mavuno ya mwaka uliofuata yalikuwa mazuri. Mimi niliyapima kwa jambo jingine: alitembea hadi getini kuniaga, bila mkongojo.

Mwaka 2013 kadi yake ilipokwisha muda, ruhusa ya kupanda haikurudi naye. Sheria ilisema mgonjwa anayeishi ndani ya maili 25, yaani kilomita 40, kutoka duka lenye kibali asilime mwenyewe. Duka lilikuwa limefunguliwa mjini. Naona hadi leo kwamba kifungu kile kilikuwa cha dhuluma kwa wagonjwa maskini, kwa sababu kiliwalazimisha kununua kwa bei ya duka kitu walichokuwa wanakipata kwa jasho lao. Mzee aling'oa kila kitu. Vitalu akanikabidhi, nami nikapanda bamia, mchicha na pilipili. Bamia ilipenda pale kuliko Kongwa. Nilikuwa narithi kazi ya bangi: ua wa fito, neti, mitungi, vyote vilikuwa vimetengenezwa kwa ajili yake.

Mwaka 2016 pendekezo la kuhalalisha bangi kwa watu wazima wote lilishindwa kwa tofauti ndogo. Novemba 2020 likapita kwa asilimia 60 hivi: mwenye miaka 21 au zaidi ana haki ya miche 6 nyumbani kwake, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi miche 12, bado ndani ya kufuli na pasipoonekana na wapita njia. Mzee akaniomba nusu ya vitalu. Tulikuwa tumetoka kwenye moja ya misimu mikavu kabisa ya mvua za kiangazi, kwa hiyo alijiandaa kwa ukame. Mvua ikaja kinyume. Julai 2021 Tucson ilipata milimita 205, mwezi wenye mvua nyingi kuliko wote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa. Neti na ua vilivyotunza unyevu vikageuka mtego. Septemba vichwa vya maua vilivyoshikamana vikaoza kwa ukungu wa kijivu kutoka ndani, na viwavi, ndugu wa funza wa vitumba anayewatesa wakulima wa pamba wa Shinyanga, wakaingia humo humo. Tangu hapo anachagua mbegu zenye asili ya Malawi na Durban, ambazo maua yake ni membamba na hewa inapita, anapanda kwa nafasi kubwa, na mvua zikianza anafungua upande mmoja wa ua.

Katika miaka yote hiyo sikugusa jani, wala mkasi wake, wala ndoo ya kuvunia. Mzee aliudhika mwanzoni, nikamweleza akaelewa. Sheria ya jimbo inamlinda yeye. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 bado inaihesabu bangi kuwa dawa ya kulevya inayodhibitiwa, na mambo ya uhamiaji yanaamuliwa kwa sheria hiyo. Aprili 2019 idara ya uhamiaji iliandika wazi kwamba shughuli za bangi, hata ajira katika jimbo linaloruhusu, zinaweza kumkosesha mwombaji uraia. Nimewaona vijana wetu, Wakongomani waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Warundi, Watanzania, wakivutiwa na mshahara wa mashamba ya bangi bila mtu kuwaeleza hivyo.

Ukiwa huna uraia wa Marekani, basi, nakuomba: usipande, usivune, usichukue kazi ya kukata maua wala ya dukani, na usikiri kwa ofisa yeyote wa uhamiaji kwamba umewahi kutumia kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Mbinu za ua, kitalu cha kuzama na mtungi chukua zote, ukapandie bamia.