Jiwe likivunjwa nyumbani, uchafu unabaki kwa nani?

Mitwaba, Haut-Katanga: Eneo hili linajulikana kwa kasiterite na koltani. Kwa familia zilizokimbia vijiji vyao kwa sababu ya mashambulizi ya Mai-Mai, zikaacha mashamba na mbegu, jiwe ni njia ya haraka ya kupata unga. Likifikishwa nyumbani, linavunjwa na kuoshwa katika parseli, karibu na jiko, na mfuko wa madini unalala chumba kimoja na watoto.

Kazi hiyo haina kibao cha kampuni mlangoni, lakini uchafu wake ni ule ule wa mgodi. Vumbi la jiwe, likivutwa kwa miaka mingi, linaharibu mapafu. Maji ya kuoshea yanateremka na matope hadi kwenye kijito ambapo jirani anachota.

Wakaaji wa Kasulo, mjini Kolwezi, wanaijua hatari hiyo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba zao, watu wakachimba ndani ya parseli. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya vipimo vya damu na mkojo: wakaaji wa hapo walikuwa na kobalti nyingi kuliko watu wa mtaa wa jirani, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Mtoto hahitaji kushika sururu. Kucheza kwenye vumbi kunatosha.

Sheria ipo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na pia wajibu wa kuyalinda. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inaweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa.

Lakini mama mkimbizi aliyepanga chumba kimoja atalipa nini? Mnunuzi anaondoka na madini safi, mama anabaki na matope. Kumtoza faini peke yake ni kuondoa bukari chunguni. Viongozi watenge mahali pa kuvunjia na kuoshea, mbali na nyumba na visima, na wanunuzi wachangie gharama.

Tukingojea hilo, wazazi walowanishe jiwe kabla ya kulivunja, wachimbe shimo la kuzuia matope, na mfuko usilale ndani.