Demani Haifungwi



Jumapili tulikuwa kwenye Matendo 27, safari ya Paulo kwenda Rumi, na tangu hapo watu watatu wameniandikia na swali moja: kamba nyingi hivyo ni za nini kwenye chombo kimoja? Ni swali zuri. Sisi wa Birongo kamba tunayoijua ni ya ng'ombe, na ng'ombe ukimfunga umemfunga. Maji makubwa tunayaona kwa mbali tu, ukipanda Manga siku isiyo na ukungu ukaliona Ziwa.

Kabla Bwana hajanirudisha nyumbani nilihudumu miaka minne Mokowe, upande wa Lamu. Ng'ambo ya maji kuna Matondoni, kijiji cha mafundi wa vyombo. Huko nilimjua mzee mmoja, nahodha aliyestaafu, Mwislamu mcha Mungu, aliyeniita "Padri" tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, nami sikumsahihisha. Alikuwa na mashua ya zamani iliyobeba boriti ujana wake wote. Sasa alitaka ibebe wageni wa siku mbili tatu baharini. Mbao zilikuwa bado nzima. Kazi ilikuwa kwenye kamba. Alizitoa zote, akaanza kuzipanga upya, na jioni nilikuwa nikienda kumshikia ncha.

Mlingoti wa mashua umeinamia mbele kidogo. Unapandishwa juu yake foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga la pembe tatu. Kamba nene inayopita kichwani mwa mlingoti ndiyo henza. Mwisho wake wa chini una kapi liitwalo gofia, na ndani ya gofia inapita jarari, ambayo mabaharia ndiyo wanayoivuta. Pembe ya mbele ya tanga, goshi, ina kamba yake. Pembe ya nyuma ina demani, na hiyo ndiyo inayoamua kama chombo kitakwenda, kitasimama au kitalala ubavu.

Zamani kamba hizi zilikuwa za makumbi ya nazi, yaliyofukiwa kwenye mchanga wa pwani mpaka yalainike, yakapondwa, yakasokotwa kwa mkono. Siku hizi ni za dukani. Hapo ndipo mashua ya zamani inapoleta shida, maana makapi yake yalichongwa kwa kamba nene. Ukipitisha kamba nyembamba inaruka gurudumu, inaingia pembeni na kukwama, na foromali haipandi tena wala haishuki. Nailoni nayo hunyumbuka: umetweka tanga asubuhi, kufika adhuhuri foromali imeshuka na hakuna aliyeigusa. Kwa nanga ni nzuri, kwa henza haifai. Kwa hiyo mzee alichagua kamba moja moja, akipima kila moja kwenye kapi lake.

Zile alizotoa hakuzitupa zote. Alinionyesha kwamba kamba haichakai urefu wake wote. Inachakaa pale inaposuguliwa na kapi kila siku, pengine shibiri moja tu, na kwingine kote ni nzima. Basi nyingine aliipunguza ncha kidogo ili pale pachovu pasogee, nyingine akaigeuza, ya mbele ikawa ya nyuma. (Hapo kuna somo zima la watumishi wa kanisa wanaobeba kazi ileile miaka kumi bila kubadilishwa, lakini si la leo.)

Ilipofika zamu ya demani nilimwuliza atatumia fundo gani. Akanitazama. "Padri, demani haifungwi. Inashikwa."

Akaizungusha mara mbili kwenye mti ulio ubavuni, akaniwekea ncha mkononi. Nilishangaa. Mizunguko ile miwili ndiyo inayobeba uzito wa tanga. Mkono unabaki na kazi ndogo tu, hata mtoto anaweza, na ukiulegeza kamba inatoka. Kama baharia ni lazima aondoke kidogo, anaweka fundo la kitanzi linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Fundo la kukaza, hapana. Upepo wa ghafla ukipiga, tanga likajaa, kamba inakaza kama chuma, na hakuna kidole kitakachofungua fundo lililobeba mzigo huo. Chombo kinalala na maji yanaingia. Mzee aliniambia majina ya watu aliowazika kwa sababu hiyo, kisha akaendelea na kazi.

Na wakati wa kupindua ndio nilielewa kwa nini anasumbuka na mpangilio. Foromali inasimamishwa wima, inazungushwa mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, demani inaachiliwa na kupitishwa mbele, halafu hata kamba za pembeni zinazoshikilia mlingoti zinahamishiwa upande unaotoka upepo. Kama kamba mbili zimefungwa mahali pamoja, au moja imelala juu ya nyingine, watu wanaumia. Na yote haya huenda yakafanyika usiku. Basi alimfunga mjukuu wake leso machoni akawa anamtajia: jarari! goshi! demani! Kijana anatembea akizipapasa. Alirudia jioni nne mpaka mkono wa kijana ukawa haupotei.

Sasa rudini kwa Luka. Melini mna watu 276. Kuna kamba zinazopitishwa kuzunguka meli ili isipasuke. Kuna kamba za mashua ndogo zinazokatwa. Mwishoni nanga zinaachwa baharini, kamba za usukani zinalegezwa, tanga linatwekwa. Wote walifika pwani. Halafu soma Isaya 33:23, uone chombo ambacho kamba zake zimelegea hata mlingoti haushikiki. Biblia inajua hatari zote mbili.

Nasema haya kwa sababu ya mazishi. Sitataja boma. Mwezi uliopita tuliketi na jeneza uwanjani tangu asubuhi hadi karibu saa kumi, ndugu wakibishana kaburi lichimbwe wapi, kwa kuwa kila mmoja alijua kaburi litakuwa alama ya mpaka. Hati ya shamba bado ina jina la babu. Marehemu alikuwa mtu mwema, omogaka wa kuheshimiwa, aliyelishika shamba lile miaka hamsini bila kuuza hata kipande. Lakini hakuna mtoto aliyejua ncha iko wapi. Ndugu wawili hawasalimiani sasa, na mmoja wao alikuwa akiimba kwaya nasi.

Simwambii mzee yeyote agawe kila kitu kesho akabaki anaombaomba chai kwa wakaza wana. Tanga lililoachiliwa ovyo linapigapiga hewani na chombo hakiendi. Shika. Lakini shika kwa namna inayofunguka: wosia ulioandikwa mbele ya mashahidi wawili, mipaka iliyoonyeshwa mkiwa wote, mama akiwepo, wana wakiwepo, na mabinti pia, maana Katiba ya 2010 haikuwasahau hata kama sisi tulitaka kuwasahau. Kama mnagawa, idhini ya bodi ya ardhi itafutwe wakati mwenye sauti bado ana sauti.

Jumamosi hii saa nane mchana, baada ya ushirika wa wanaume, ndugu yetu mmoja anayefanya kazi ya upimaji atakuwa kanisani kujibu maswali. Halipishi. Njooni na hati, hata kama ni ya jina la babu, hata kama imechanika. Kina mama msingoje kualikwa na waume zenu, nimewaalika mimi.