Kabla ya Mabati, Majina

Harambee ya kanisa letu la kijijini, nje kidogo ya Ribe, imevuka bahari. Kundi la WhatsApp la sisi wana wa huko tulioko Uingereza halilali: huyu kaahidi mabati, yule saruji, mwingine anaulizia namba ya mweka hazina atume kwa M-Pesa. Kanisa la zamani litabomolewa, lisimamishwe kubwa zaidi, kwa sababu vijana sasa wanasikiliza mahubiri wakiwa wamesimama chini ya mwembe. Nimechanga na nitachanga tena. Ila kuna jambo moja naliombea nafasi kwenye bajeti hiyo, nalo nimefunzwa na maisha ya hapa Derbyshire.

Ribe, kwenye vilima vya Kilifi nyuma ya Mombasa, ndiko Umethodisti wa Kenya ulikoanzia. Thomas Wakefield alianzisha misheni pale mwaka 1862, baada ya mmisionari Ludwig Krapf kumwonyesha njia, na mwaka uliofuata akaja Charles New. Waliowatuma walikuwa Wamethodisti Huru, kanisa lililoundwa mwaka 1857 na watu waliojitenga na Wawesley kwa sababu walitaka walei wapewe sauti katika kuendesha makanisa yao. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa viwandani na watu wa vijijini. Senti zao ndizo zilizolipa nauli za meli.

Makanisa ya namna hiyo ndimo ninamosali sasa. Ukipita vijiji vya Derbyshire utaona majengo madogo ya mawe, pengine mawili katika kijiji kimoja, kwa kuwa matawi ya Umethodisti, yaani Wawesley, Waprimitivu na wale Huru, kila moja lilijenga lake. Walipoungana mwaka 1932, majengo yakawa mengi kuliko waumini walivyohitaji. Mengi yamefungwa na kuuzwa. Leo ni nyumba za kuishi, au karakana. Letu bado liko wazi. Jumapili tunakaa viti vya mbele, makoti mwilini kwa ajili ya baridi, na karibu kila mmoja ni mzee wa umri wa wale ninaowatunza kazini katikati ya juma.

Ukutani, karibu na mlango, hubandikwa karatasi ya ratiba ya mahubiri kwa robo mwaka. Juu zimepangwa tarehe za Jumapili, pembeni majina ya makanisa ya sakiti, yaani kundi la makanisa yanayohudumiwa pamoja, na katika kila chumba cha jedwali jina la atakayehubiri. Mchungaji ana makanisa mengi ya kuhudumia, hivyo jina lake hutokea mara chache. Nafasi nyingine zote zimejazwa na walei: mwalimu mstaafu, mkulima wa kondoo, muuguzi. Karatasi hiyo robo ikiisha haitupwi. Kanisa la kijiji jirani lilipofungwa, ratiba zake, vitabu vya ubatizo, kumbukumbu za vikao na orodha za shule ya Jumapili vilipelekwa kwenye ofisi ya nyaraka ya kaunti, ambako yeyote anaruhusiwa kwenda kuvisoma.

Nilikwenda. Nikaletewa daftari la darasa la karne ya 19, lile kundi dogo la waumini ambalo ni msingi wa Umethodisti. Utaratibu huo ulizaliwa Bristol mwaka 1742, kanisa likiwa na deni. Nahodha mmoja aitwaye Foy alishauri kila muumini atoe peni moja kwa juma. Alipoambiwa kuna wasioweza, akasema yeye apewe 11 walio maskini zaidi, na atakayepungukiwa atamjazia. Wakusanyaji wakawa wanapita nyumba kwa nyumba, na kwa kupita huko wakagundua nani mgonjwa, nani amekata tamaa, nani hana chakula. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, akaona kwamba kumbe wamepata njia ya kuchunga watu. Katika daftari lile, mbele ya kila jina pana alama za mahudhurio na senti zilizotolewa. Kuna mwanamke ambaye juma baada ya juma hana alichotoa, lakini alama ya kuwapo haikosekani. Amekufa zamani, kanisa lake limeuzwa, na bado mgeni kutoka Ribe anajua kwamba alikuwapo.

Kwetu waumini wapo tele. Siku ya mavuno, ibada ikiisha, mnada unaanza: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, nazi, debe la mahindi. Mama asiye na shilingi anatoa mayai, na mayai yale yananunuliwa mara tatu kwa sababu kila anayenunua anayarudisha yauzwe tena. Akina mama wanajua ni nyumba gani haina mtu wa kuichotea maji. Hiyo ndiyo kazi ya nahodha Foy, inafanywa bila kuandikwa popote.

Na hapo ndipo tunapopoteza. Nimekua nikisikia habari za mmisionari John Houghton na mkewe Annie, waliouawa katika uvamizi kule Golbanti, kando ya mto Tana, mwaka 1886. Waafrika waliouawa pamoja nao sikuwahi kutajiwa hata mmoja. Tunafundishwa kwamba Charles New alifika kwenye theluji ya Kilimanjaro mwaka 1871. Wachache wanamtaja Tofiki, aliyeendelea kupanda naye wakati wengine wamekwisha shindwa na baridi. Tofiki tunamjua kwa sababu New alimwandika. Wahubiri waliotembea kwa miguu wakilihubiri Neno vijiji vya jirani, walioanzisha ibada kabla ya kuwapo paa, nani amewaandika?

Watu huniuliza lipi bora, kanisa lililojaa au lile lenye kumbukumbu. Kwangu watu ni kwanza, na ningetamani vijana wa mwembeni wetu wawe hapa Derbyshire hata Jumapili moja. Lakini kanisa likibomolewa huku wazee wanaolijua wakizidi kuondoka, watoto wa hao vijana watarithi jengo zuri na wataamini kwamba lilijengwa na pesa za ughaibuni. Huo utakuwa uongo, na sisi tutakuwa tumeulipia.

Nilimweleza shangazi haya kwa simu. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kutaja: aliyetoa shamba, aliyefyatua matofali, mjane aliyepikia mafundi. Nilijaza ukurasa mzima kabla salio halijaisha.

Kwa hiyo naomba sehemu ya mchango wetu inunue madaftari, nauli za vijana wa kuwatembelea wazee, na sanduku la chuma lisiloingia mchwa. Nakala moja ibaki kanisani, nyingine ipelekwe sinodi. Kazi hiyo itangulie ubomoaji. Anayekwenda likizo ya Desemba aketi na wazee walau siku moja, kalamu mkononi. Mwenye mzazi aliyewahi kuhubiri ampigie wiki hii.