Uvira, Mji Uliobanwa kati ya Mlima na Ziwa

Mwenye kutaka kuuona mji wa Uvira kwa siku moja na aanzie bandari ya Kalundu, upande wa kusini, kisha aende kwa miguu kuelekea kaskazini hata Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Hana haja ya kuuliza njia. Kushoto kwake ni milima ya Mitumba, kuliani ni ziwa Tanganyika, na mji umelala katikati kama mkanda.

Ndivyo nilivyofanya mwaka 2023. Pale Kalundu nilikaa kitambo nikitazama shehena ikishushwa: simenti, mabati, mabeseni, marobota ya vitenge. Mpagazi mmoja aliligonga robota kwa kiganja akasema, “Mwalimu, hili limetoka Uchina.” Nami nikaiwaza njia yake: meli hata Dar es Salaam, nchi kavu hata Kigoma, kisha kuvuka ziwa. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, lakini njia yenyewe ni ya kale kuliko reli. Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, wakitumaini kwamba mto Ruzizi hutoka ziwani (wenyeji wakawaambia kwamba huingia), wafanyabiashara wa Ujiji walikuwa wamekwisha kuwatangulia. Walinunua pembe za ndovu na, ole wao, wanadamu pia. Nguo iliyosifika sana katika biashara ya siku zile iliitwa merikani, kwani ilifumwa Marekani.

Basi ulimwengu haukufika Uvira jana. Lililo jipya ni wingi wa watu. Biashara yawavuta, na vita tangu mwaka 1996 vimewasukuma kutoka vijijini. Mwaka huo huo kiwanda cha sukari cha Kiliba, katika bonde la Ruzizi, kilisimama. Waliolima miwa wakaja mjini kuuza sukari ya ng'ambo. Lakini uwanda haukuongezeka hata pima moja. Watu wakapanda mlimani, wakakata miti, wakajenga hata ukingoni mwa mito.

Usiku wa tarehe 16 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha, na mto Mulongwe ukashuka na mawe na matope. Makumi ya watu walikufa, maelfu wakakosa makao. Mwaka 2021 ziwa nalo likapanda, likaingia katika nyumba za Kalundu. Na mwaka 2024 likapanda zaidi.

Huko Rugenge mama mmoja mzee alinipa kiti na maji ya kunywa. Zamani alikuwa na nyumba yake kando ya Mulongwe, hata usiku ule. Sasa anapanga chumba.

“Mwanangu,” aliniambia, “tulijenga pale kwa ajili ya soko. Mlimani udongo unatelemka, pwani maji yanapanda. Wenye kuleta mali wana mahali pa kuiweka. Sisi wenye kuibeba tulale wapi?”

Nikainua macho. Juu yetu mabati yalikuwa mapya, na chapa ya kiwanda cha ng'ambo ilisomeka bado.