Kanuni ya Kumi na Moja

Kanuni ya kumi na moja niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikulazimishwa na mtu. Ilisema hivi: "Ni marufuku kuwasha moto wa kuni au wa mkaa, kusimamisha turubai, au kukusanya watu kwa shughuli yoyote ile katika uwanja wa pamoja." Nilipoimaliza niliisoma mara mbili, nikaiona nzuri. Mtu aliyefanya kazi ya masjala kwa miaka 26 hupenda sentensi isiyoacha mwanya.

Ndugu msomaji, jengo letu liko upande wa mashariki wa Dodoma. Lina sakafu nne, na kila sakafu ina nyumba sita, hivyo sisi ni kaya 24. Wengi wetu ni wafanyakazi tuliohamia huku baada ya Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma. Wenzangu walikuja kama wageni. Mimi nilikuwa narudi nyumbani, maana nilizaliwa upande wa Bahi, ingawa ujana wangu wote niliumalizia Dar es Salaam katika nyumba za kupanga. Mle ndani nililijua vizuri jengo lisilo na mwenyewe. Taa ya ngazini ikiungua, kila mmoja alipapasa ukuta hadi mlangoni kwake, akashukuru kwamba amefika, akafunga.

Kwa hiyo nilipopata nyumba yangu mwenyewe kwa mkopo, nilidhani maisha hayo yamekwisha. Kumbe mtu anaponunua nyumba ya ghorofani hununua vitu viwili: vyumba vyake vilivyo nyuma ya mlango wake, na fungu lake katika vitu vya wote, yaani paa, ngazi, mabomba, tangi na uwanja. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo imeliweka wazi jambo hilo. Wenye nyumba wawe na chama, chama kitoze ada, kitunze mali ya pamoja na kitunge kanuni. Sisi hatukuisoma sheria hiyo mpaka pampu ya maji ilipoharibika.

Iliharibika mwezi wa Oktoba, wakati ambao vumbi la Dodoma huingia hata kwenye tundu la ufunguo. Waliokaa chini waliendelea kupata maji kwa nguvu ya bomba lenyewe. Sisi wa juu tulipanda ngazi na ndoo. Tulipopita kuchangisha, bwana mmoja wa sakafu ya chini alitujibu kwa upole kabisa, "Jamani, mimi maji ninapata." Hakuwa mtu mbaya. Alisema ukweli wake. Nadhani hapo ndipo kila mmoja wetu alipofahamu kwamba ujirani mwema peke yake haununui pampu.

Tukaitisha mkutano. Tukachagua mwenyekiti, mtu mtulivu anayesikiliza kuliko anavyosema, na mimi nikachaguliwa katibu kwa sababu, walisema, mwandiko wangu unasomeka. Ada ikawa shilingi 40,000 kwa mwezi kwa kila kaya: pampu, mlinzi, taa, usafi, na akiba kidogo. Baada ya miezi minane tulikuwa na pampu mpya na tangi kubwa la akiba nyuma ya jengo. Sikufichi, nilijisikia fahari. Nilikuwa nikirudi kazini jioni naikuta ngazi imepigwa deki, taa zinawaka, na watoto wanacheza uwanjani bila kukanyaga vigae vilivyovunjika.

Ndipo zikaja kanuni. Nguo zisianikwe kwenye vibaraza vya mbele. Kuku wasifugwe. Maji ya tangi yasitolewe nje ya jengo. Hiyo ilikuwa kanuni ya sita. Kinu kisitumike sakafu za juu. Ile ya kumi na moja ilitokana na sherehe moja iliyopikiwa uwanjani. Moto wa kuni ulipasua matofali madogo tuliyokuwa tumeyatandaza kwa michango yetu, na masizi yakapanda ukutani hadi dirisha la pili. Watu walikasirika, na sheria inayotungwa siku ya hasira huwa ndefu kuliko kosa lenyewe.

Katika mkutano ule mama mmoja wa sakafu ya chini, muuguzi, aliinua mkono. Akauliza, "Ndugu Katibu, na misiba je?"

Nikamjibu, "Hilo tutaliangalia, mama." Na kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda, swali lake sikuliandika katika muhtasari.

Mtu wa Dodoma hastahili kushangaa anapokutana na kanuni za makazi. Mji huu umekua kwa kanuni. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka 1973, mwaka uleule chama cha TANU kilipoamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mwaka 1976 ukatoka Mpango Mkuu wa mji uliochorwa na wataalamu wa Toronto, Kanada. Kwa zaidi ya miaka 40 Mamlaka hiyo ndiyo iliyogawa viwanja, ikaidhinisha ramani za nyumba na kubomoa kilichojengwa nje ya mpango. Hati zake zilikuwa za miaka 33, na watu waliilalamikia sana miaka hiyo, maana mtu akijenga akiwa kijana huona hati yake inazeeka pamoja naye. Mei 2017 Mamlaka ilivunjwa, kazi zake zikahamia Manispaa, na ikaamriwa hati ziwe za miaka 99. Nilisikia watu wakishangilia. Lakini barabara pana tunazopita leo, na nafasi za wazi zilizosalia, zisingekuwapo kama kila mmoja angejenga alipoona panamfaa. Nairobi wanalijua hilo: mtaa wa Buruburu, uliojengwa kwa mpangilio mzuri miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baadaye ulifunikwa na vyumba vya nyongeza na maduka yaliyosogea hadi ukingoni mwa njia. Kwa upande mwingine, huko Marekani mamilioni ya kaya huishi chini ya vyama kama chetu, na katika majimbo kadhaa chama kinaweza kuiuzisha nyumba ya mwanachama asiyelipa ada. Sijui nani kati ya hao wawili ningependa awe jirani yangu.

Mama yangu alikuja kukaa nasi miguu ilipoanza kumsumbua. Alikuwa mwanamke wa tembe. Kwa wasiolijua, tembe la Wagogo ni nyumba ndefu ya miti na udongo, yenye paa la bapa la udongo, inayouzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Ukoo mzima unakaa chini ya paa moja. Mvua za Desemba zikianza kupenya, hakuna anayeuliza linavuja upande wa nani. Nilipomweleza habari za chama chetu alicheka, akasema, "Mwanangu, basi mmejenga tembe la kwenda juu." Kila aliyekutana naye ngazini alimwamkia "Mbukwenyi," na katika muda wa miezi miwili watoto wa jengo zima, Wachagga, Wahaya na Wasukuma, wakawa wanaitikia kama wazaliwa wa Bahi.

Alikuja na kinu chake. Mlenda bila karanga zilizotwangwa kwake haukuwa mlenda. Jirani wa chini yetu akavumilia wiki moja, kisha akaandika malalamiko kwa katibu. Katibu, yaani mimi, nikaandika barua ya onyo na faini ya shilingi 20,000 kwa mwenye nyumba namba 14, yaani mimi. Mama akaniona nimeishika ile barua mezani. "Barua ya nani hiyo?" "Yangu, mama." "Imetoka wapi?" "Kwangu." Akanitazama kwa muda mrefu. Siku iliyofuata kinu kilishushwa kwa muuguzi wa sakafu ya chini, na tangu hapo mama alishuka kila Jumamosi, ngazi moja baada ya nyingine, akitwanga huku wanaongea. Nililiona hilo kuwa ni jambo dogo lililopata ufumbuzi.

Alifariki Julai, usiku. Mwili ulipelekwa hospitali, na mazishi yalipaswa kuwa kijijini, lakini ilitubidi tumngoje mdogo wangu atoke Mwanza. Siku mbili. Kabla ya saa mbili asubuhi watu wakaanza kufika: wa kazini, wa kanisani, ndugu wa Kizota na Chang'ombe, wanawake na mikeka yao kichwani. Sebule yangu inakaa watu kumi na wawili wakijibana. Waliobaki wakakaa ngazini, kutoka mlangoni kwangu hadi chini, migongo yao ukutani, kanga mabegani. Anayeijua Dodoma ya Julai anaujua upepo wake. Akina mama wazee walikuwa wanatetemeka kwenye saruji, na madirishani walikuwa wanauona uwanja mpana, safi, mtupu.

Mwenyekiti alipanda. Alinishika mkono na hakuusema mkono wa pole kwa haraka, alikaa nami. Kisha akasema, "Ndugu Katibu, unajua kilichoandikwa." Nilijua. Nilijua pia kanuni ya ishirini, kwamba kanuni yoyote itabadilishwa kwa theluthi mbili ya kura, baada ya taarifa ya siku 14. Nayo niliiandika mimi. Mwezi wa Machi tulikuwa tumemkatalia mtu wa sakafu ya tatu turubai la ubarikio wa mwanawe. Nikimtazama mwenyekiti niliona kwamba neno moja tu kutoka kwangu lingetosha, angeniachia uwanja, na kesho yake yule wa sakafu ya tatu angetuuliza kanuni ni za nani. Sikulisema. Mpaka leo mdogo wangu hajanielewa. Alipofika kutoka Mwanza aliniuliza mbele ya watu, "Kaka, si ulisema hii nyumba ni yako?"

Yaliyofuata hayakupangwa na mtu. Muuguzi alitoa makochi yake yote nje, akawaingiza wanawake wazee ndani kwake. Mjumbe mmoja wa serikali ya mtaa akavuka barabara, akazungumza na mzee mwenye nyumba ya zamani inayotutazama, yenye ua wa udongo na mwarobaini mmoja. Mzee huyo hatukuwa tumewahi kumsalimia kwa jina. Alisema, "Karibuni, ua ni wa watu." Saa nne turubai lilikuwa limesimama, kuni zinawaka, sufuria kubwa za ugali na maharage ziko jikoni. Hivyo mama yangu aliombolezwa katika ua wa mtu asiyemjua, hatua 40 kutoka kitanda alichofia.

Mchana ule bomba la mtaa lilikauka. Watu zaidi ya mia, na hakuna maji. Ndipo nilipomwona mwenyekiti akiteremka nyuma ya jengo pamoja na mlinzi, wakafungua tangi letu, wakavuta mpira mrefu kuvuka barabara hadi penye sufuria. Lile tangi la ada zetu, lililonunuliwa kwa ubishi wa miezi minane, liliwanywesha waombolezaji siku mbili. Baadaye nilimuuliza kwa nini alivunja ya sita na si ya kumi na moja. Alijibu, "Maji nilijua nitayalipa mwenyewe." Na aliyalipa, stakabadhi niliiandika mimi.

Yule bwana wa "mimi maji ninapata" ndiye aliyekaa kwenye moto usiku wote wa pili.

Tulipotoka mazishini nilipeleka hoja ya kurekebisha kanuni ya kumi na moja. Siku 14 zikapita, tukakutana. Nilidhani itapita kwa dakika tano. Mmoja akauliza msiba ni wa nani: wa mwenye nyumba, au hata wa shangazi aliyefia Singida? Mwingine akataka iwe gesi tu, bila kuni. Wa tatu akauliza nani atalipia matofali. Mpangaji mmoja akauliza kama na wao hufa. Maswali yote yalikuwa ya haki, na yote yaliniuma. Muuguzi alisema, "Andikeni tu: akifa mtu." Katibu aliyemo ndani yangu aliona kwamba sentensi hiyo ina mianya mingi mno, mtoto wa marehemu aliona haina hata mmoja. Kura zikawa 15. Zilitakiwa 16.

Tangazo la mkutano wa pili nimelibandika jana, karibu na pampu, mahali ambapo kila mtu hupita. Kinu bado kiko kwa muuguzi. Na katika muhtasari wa mkutano ule wa zamani nimeongeza swali lake pembeni, kwa wino wa rangi nyingine, nikatia tarehe ya leo, ili mtu yeyote asije akadhani kwamba lilikuwapo tangu mwanzo.